Mnatuuzia taa ya kijani, hamtuuzii klasta

Leo sina salamu nyingi kwa sababu nina hasira, na hasira yangu ina anwani. Ni ya wale wauzaji wa mitambo wanaozunguka Githurai 45, Mwiki, Mwihoko hadi Ruiru mjini wakiwauzia watu kitu wanachokiita "klasta". Sacco, zahanati, shule ya kibinafsi, duka la jumla, wote wanaimbiwa wimbo mmoja: nunua seva mbili, moja ikifa nyingine itapokea kijiti, wateja wako hawatajua kitu. Kisha mwenye pesa anaonyeshwa ukurasa mzuri wenye taa mbili za kijani. Anaandika hundi. Fundi anafunga begi lake na kwenda zake.

Nitasema msimamo wangu mapema ili asiwepo wa kudai nilimzungusha. Klasta isiyojua kumzima mwenzake ni hatari kuliko seva moja. Na programu ya kusimamia seva ukiiweka ndani ya klasta hiyohiyo inayosimamiwa, umemweka askari wa usiku ndani ya kabati na kufunga kwa nje. Ataendelea kukuambia kuwa hakuna mwizi, kwa sababu kutoka kabatini haoni mlango.

SOMO FUPI KWA WASIOJUA

Klasta ya kupokezana, ile ya kawaida ya Linux, ina sehemu tatu. Corosync ni mdomo na sikio: kila seva, au nodi, inamwambia mwenzake "nipo, nipo, nipo" mara kadhaa kwa sekunde. Pacemaker ndiye mwamuzi: anaamua huduma gani iwake wapi. DRBD ni mwandishi: kila kinachoandikwa kwenye diski ya nodi ya kwanza anakinakili kwenye diski ya nodi ya pili kupitia mtandao. Juu ya hayo kuna anwani moja ya IP inayohama. Wateja wanaijua anwani hiyo tu, hawajui nodi gani imeishika.

Programu hizi zote ni huria. DRBD imo ndani ya kernel ya Linux tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010. Kwa hiyo hakuna atakayeniambia kwamba vifaa havipo au kwamba ni ghali. Vipo, ni vya bure, na vina maelezo marefu yaliyoandikwa na watu waliowahi kuumia.

Sasa swali la msingi. Nodi ya pili inajuaje kuwa ya kwanza imekufa?

Jibu: HAIJUI. Inajua tu kwamba haisikii sauti. Jirani yako asipopokea simu, huwezi kujua kama amefariki au simu yake imeisha chaji. Ukikimbia kugawa mashamba yake, siku akifungua mlango mtakuwa na kesi kubwa kwa chifu.

Ndiyo maana waliounda klasta waliweka walinzi wawili. Wa kwanza ni akidi, ileile ya mikutano ya chama: wasipofika zaidi ya nusu, hakuna kupitisha azimio. Klasta ya nodi mbili ina kura mbili. Nodi zikitengana kila moja inabaki na kura yake, na kura moja kati ya mbili haizidi nusu. Mlinzi wa pili anaitwa STONITH. Jina hilo ni mzaha wa wahandisi, maana yake ni "mpige nodi mwenzako risasi kichwani". Nodi inayotaka kupokea kijiti inakata kwanza umeme wa mwenzake, ama kupitia IPMI iliyo ndani ya seva, ama kupitia soketi inayopokea amri za mtandao. Inasubiri uthibitisho kwamba mwenzake amezimika kabisa. Baada ya hapo tu ndipo inagusa diski na anwani.

Sasa sikilizeni uhuni ulipo. Pacemaker huja na STONITH ikiwa imewashwa. Usipoieleza njia ya kumzima mwenzake, inakataa kuwasha huduma yoyote. Inakataa kwa faida yako! Lakini muuzaji ana haraka, ana mteja mwingine Kahawa Wendani saa tisa. Kwa hiyo anaandika stonith-enabled=false, na klasta ikilalamika tena juu ya akidi anaongeza no-quorum-policy=ignore. Mistari miwili tu. Kila kitu kinakuwa kijani. Huyu hana tofauti na dereva wa matatu anayebandika selotepu juu ya taa ya onyo la breki kwa sababu inamuumiza macho.

MWIKI MBILI

Sisi wa huku tungepaswa kulielewa jambo hili kuliko watu wote. Kuna Mwiki ya Kasarani, kaunti ya Nairobi, na kuna Mwiki yetu ya Ruiru, kaunti ya Kiambu. Mwambie mtu wa pikipiki "leta mzigo Mwiki" bila kuongeza neno, halafu usubiri. Tunaishi hivyo kwa sababu kila Mwiki inajua kuwa nyingine ipo. Sasa fikiria kila moja inaapa kwamba nyingine haipo, na kila moja inapokea mizigo, barua na kodi kwa jina hilo moja. Hicho ndicho wanachokiita ubongo kugawanyika. Wazee walishasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na hawakuwahi kuona seva.

Kuna sacco moja ambayo jina lake nalihifadhi, kama ninavyohifadhi la kampuni iliyowauzia mitambo. Niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Nilikuta seva mbili nzuri kwenye kabati moja, UPS moja, na kebo moja ya moja kwa moja kati yao. Kebo hiyo ndiyo iliyobeba ule wimbo wa "nipo, nipo" na unakili wa diski pia. STONITH ilikuwa imezimwa. Akidi ilikuwa imepuuzwa.

Ijumaa moja asubuhi kabati lilisogezwa kidogo ili sakafu ifagiliwe, kebo ikachomoka. Seva zote mbili zilikuwa hai na zote zilikuwa bado kwenye swichi ya ofisi. Kila moja iliona kimya, ikaamua mwenzake amekufa. Kila moja ikashika diski, ikawasha hifadhidata, ikachukua anwani. Kompyuta za makarani zikagawanyika bila wenyewe kujua: dirisha la kwanza na la pili zilikuwa zikiandika kwenye seva hii, dirisha la tatu na afisa wa mikopo kwenye ile. Hakuna ujumbe wa kosa. Hakuna aliyepiga kelele.

Ilijulikana Jumamosi karibu saa sita, pale mama mmoja wa mitumba alipokuja kutoa pesa alizoweka jana yake. Karani akamwambia hazionekani. Mama ana risiti mkononi, ina tarehe, ina muhuri. Karani anaitazama risiti, anamtazama mama, anaanza kumshuku. Hapo ndipo ninapokasirika, ndugu msomaji. Mtu amelala njaa ili aweke akiba, halafu mistari miwili ya mvivu inamfanya aonekane mwizi mbele ya foleni.

Na ile paneli ya kusimamia seva, iliyouzwa kwa bei ya juu kuliko kitu kingine chochote kwenye ankara, ilikuwa inasemaje muda wote huo? Kijani. Ilikuwa imewekwa ndani ya klasta, kwenye diski ileile inayohamahama, ikifuata anwani ileile. Klasta ilipopasuka, paneli nayo ikapasuka pamoja nayo. Zikawa paneli mbili, kila moja ikitazama nodi iliyo chini ya miguu yake na kuripoti kwamba hali ni shwari. Meneja aliifungua Ijumaa jioni, akaridhika, akaenda nyumbani.

Kebo iliporudishwa, DRBD iliona historia mbili tofauti ikakataa kuziunganisha. Ilifanya vyema. Wakati huo binadamu lazima achague upande mmoja uwe wa kweli, na kila kilichoandikwa upande wa pili tangu kutengana kinafutwa, isipokuwa mtu akitoe kwanza. Tulizitoa hifadhidata zote mbili, tukakaa siku nne na wahasibu tukilinganisha muamala mmoja mmoja na vitabu vya risiti. Kilichookoa pesa za wanachama ni karatasi ya kaboni.

WAKUBWA NAO WALIONA MOTO

Msidhani haya ni ya Mwiki peke yake. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub walipoteza mawasiliano kati ya vituo vyao vya pwani ya mashariki ya Marekani kwa sekunde 43. Sekunde arobaini na tatu tu! Programu yao ya kusimamia upokezanaji wa hifadhidata, Orchestrator, ikaamua kuupa uongozi upande wa magharibi. Mawasiliano yaliporudi, kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hana. Huduma yao iliyumba kwa saa 24 na dakika 11. Hao ni watu wenye wahandisi wengi wa kazi hiyo. Wewe una kijana mmoja anayetengeneza pia printa.

Tarehe 4 Oktoba 2021 ilikuwa zamu ya Facebook. Amri moja wakati wa matengenezo ilikata uti wa mgongo wa mtandao wao, na Facebook, Instagram na WhatsApp zikapotea kwa karibu saa 6. Vyombo vyao vya ndani vya kuchunguza na kurekebisha hitilafu vilitegemea mtandao uleule, kwa hiyo vilikufa pamoja nao. Ilibidi wahandisi waende wenyewe hadi kwenye vituo vya data. Msimamizi alikuwa amefungiwa ndani ya kile anachokisimamia. Kosa ni lilelile la sacco ya huku, ukubwa tu ndio tofauti.

MADEREVA WAWILI, USUKANI MMOJA

Hata siku ambayo hakuna kebo iliyochomoka, paneli ndani ya klasta ni tatizo. Paneli za kawaida za seva ziliundwa kwa ajili ya mashine moja. Zinaandika watumiaji wapya kwenye faili za /etc za nodi ziliyopo, na faili hizo hazimo kwenye diski inayonakiliwa. Unaongeza karani mpya Jumatatu kupitia paneli, nodi ya kwanza inamjua. Siku kijiti kinapopokelewa, nodi ya pili inamwambia karani "wewe ni nani?"

Kuna baya zaidi. Paneli ina vitufe vya kuwasha na kuzima huduma, na Pacemaker naye anadhani yeye ndiye mwenye kazi hiyo. Ukizima hifadhidata kwa kitufe ili ufanye matengenezo, Pacemaker anaona imekufa na kuiwasha tena mkononi mwako, au anaihamishia ng'ambo. Ukiwasha kwa kitufe kwenye nodi ya akiba, sasa huduma iko sehemu mbili na mwamuzi hakuamuru. Matatu moja haiwezi kuwa na madereva wawili, hata kama makanga ni mmoja.

Paneli ikae NJE. Mashine ndogo ya tatu, yenye umeme wake na njia yake ya mtandao, itazame nodi zote mbili kwa pamoja, na iulize swali ambalo hakuna nodi inayoweza kujiuliza: je, kuna wawili wanaodai kuwa viongozi? Nagios ya bure inaweza kuuliza hilo kwa skripti ya mistari kumi.

"LAKINI TUNA VIWILI VIWILI"

Hili ndilo jibu la wauzaji ukiwabana. Seva mbili, diski mbili, kadi mbili za mtandao. Nami ninauliza: viwili vinavyokufa siku moja ni vingapi?

Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Kampuni zilizonunua njia mbili ziligundua kuwa njia zao mbili zilipita karibu karibu chini ya bahari ileile. Kabla ya hapo, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta una jenereta, lakini baadhi yake hazikushika, na abiria wakabaki gizani hadi waziri wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akaomba radhi hadharani. Jenereta zilikuwepo. Kilichokosekana ni kushika pale zilipohitajika.

Na sisi tunaoijua stima ya huku tunapaswa kujua jambo moja ambalo muuzaji hatakuambia. IPMI inatumia umeme wa seva yenyewe. Nodi ikikosa umeme kabisa, IPMI yake nayo iko kimya, na mwenzake anayetaka kuthibitisha kifo hapati jibu. Atasubiri, na huduma itasubiri naye. Kwa hiyo STONITH ya IPMI peke yake haitoshi. Weka soketi ya mtandao kama njia ya pili, na kila seva iwe na UPS yake.

Jambo lingine: unakili si nakala akiba. Mtu akifuta jedwali kwa makosa, DRBD inanakili ufutaji huo papo hapo, kwa uaminifu mkubwa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta data kwenye hifadhidata kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Walipokimbilia njia zao za akiba, moja baada ya nyingine hazikuwa zikifanya kazi. Walipoteza data ya takriban saa 6.

"MTEJA MDOGO HAWEZI KUGHARIMIA HAYO"

Nimelisikia hili mara nyingi na ni hoja ya heshima, kwa hiyo nitaijibu kwa heshima. Kweli, sacco ndogo haina pesa za kuchezea. Basi usimuuzie klasta! Muuzie seva moja nzuri, diski zilizonakiliwa ndani yake, UPS, nakala akiba ya kila usiku inayokwenda nje ya jengo, na mazoezi ya kuirejesha kila mwezi. Siku seva ikifa watakaa nusu siku bila huduma, watawaomba wanachama radhi, na kila shilingi itakuwa mahali pake. Mwanachama anasamehe foleni. Hasamehi akiba iliyopotea.

Na anayetaka klasta kweli, kura ya tatu si ghali. Programu ya corosync-qnetd inakaa kwenye kompyuta yoyote ndogo nje ya klasta, tawi la pili la sacco au seva ya kukodi Mombasa, na kazi yake ni kupiga kura tu. Nodi zikitengana, moja inapata kura yake ya pili, nyingine inanyamaza. Hiyo ndiyo akidi. Fundi anayesema haiwezekani hajasoma, au amesoma na hataki jasho.

Kwa hiyo, ewe mwenyekiti wa sacco, mwenye zahanati, mwalimu mkuu, kabla hujatia sahihi kwenye ankara muulize muuzaji maswali haya:

1. STONITH imewashwa? Nionyeshe nodi moja ikiizima nyingine, sasa hivi, mbele yangu.
2. Kura ya tatu iko wapi, na inatumia umeme wa nani?
3. Mazungumzo ya nodi yanapita njia ngapi? Nikichomoa kebo moja kutatokea nini? Kisha ichomoe wewe mwenyewe.
4. Paneli ya kusimamia iko ndani au nje ya klasta? Kama ni ndani, itoke.
5. Nakala akiba ya jana iko wapi, na ni lini mara ya mwisho mtu aliirejesha ikasomeka?

Akianza kukueleza rangi za paneli, mpe chai, mshukuru, mfungulie mlango.

Na nyinyi mafundi wenzangu mtakaosema nimewaharibia biashara, sawa. Yuko mama wa mitumba aliyesimama mbele ya dirisha na risiti yake yenye muhuri huku karani akimtazama kama tapeli, na paneli ya meneja ikiwa kijani kibichi kama majani ya chai ya Limuru. Nendeni mkamweleze yeye kwamba huduma yenu haikatiki.